Novemba Ina Siku Thelathini: Maisha ya Mama Prufu

Marehemu, ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwita jina jingine ila Mama Prufu, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi mabehewa. Ndiye aliyemfundisha kusoma, tena kwa brashi, kila herufi ikiwa ndefu kumpita yeye. Huenda ndiyo sababu maisha yake yote hakuona aibu katika herufi kubwa.

Alianza shule Januari 1958. Akiwa darasa la tano aligundua kwamba tangazo la mwalimu mkuu liliwaita wazazi Ijumaa, kwa tarehe ambayo ilikuwa Alhamisi. Akachukua kalamu akalisahihisha. Alichapwa viboko viwili kwa kuandika kwenye tangazo la mkubwa, na wazazi wote wakafika siku iliyokusudiwa. Alipokuwa akisimulia kisa hicho, alihesabu viboko kwanza, wazazi baadaye. Alimaliza sekondari mwaka 1969, akasomea upigaji chapa kwa mwaka mmoja.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, na kuanzia 1974 akawa msoma prufu, yaani mtu wa kupitia kurasa za majaribio na kukamata makosa kabla mashine haijaanza kuunguruma. Kalamu yake ilikuwa nyekundu. Ukurasa uliokuwa safi aliuandikia neno moja chini: "Ichapwe." Bila neno hilo, hakuna fundi aliyethubutu kugusa mashine.

Tarehe 16 Agosti 1975 alifunga ndoa na fundi saa aliyekuwa na kibanda mkabala na lango la kiwanda. Huyo ndiye babu yetu, mtu wa maneno machache na tahajia mbovu. Barua yake ya posa ilirudi ikiwa na alama nne za wino mwekundu, na chini yake imeandikwa: "Ichapwe." Waliishi pamoja miaka thelathini na mitano, wakajaliwa watoto watatu, mpaka babu alipotutangulia Mei 2011.

Kompyuta ziliingia kiwandani mwaka 1996. Mama Prufu alikuwa na miaka arobaini na mitano, na mwaka huohuo macho yake yakaanza kumfanyia ukaidi. Maneno ya karibu yalitawanyika kama sisimizi waliomwagiwa maji. Wenzake wa rika lake walijikaza, wakakunja nyuso, wakarudi nyumbani na vichwa vinavyogonga. Yeye alilichukulia jambo hilo kama kosa jingine la kusahihishwa. Aliisogeza skrini mpaka ikawa umbali wa mkono ulionyooshwa, akaishusha ili ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho. Aligeuza meza dirisha likae ubavuni, maana mwanga ukitoka nyuma yako unasoma dirisha, na ukitoka mbele yako unasoma jua. Akapimiwa miwani ya umbali ule ule wa skrini, si ile ya kitabu wala ile ya barabarani. Kila baada ya dakika ishirini alitazama tangi la maji lililokuwa mbali ng'ambo ya barabara, akapepesa macho, akarudi kazini. Na maandishi ya kwenye skrini aliyakuza mpaka yakamtii. Kwa miaka minane hakupitwa na kosa hata moja lililofika kwa mteja.

Mwaka 2001 aliletwa mkuu wa idara mpya, mdogo wake kwa miaka kumi. Huyu aliona aibu wageni wakipita na kuikuta skrini yenye maneno sita. "Mama, maandishi haya hata ndege aliye angani anayasoma," alimwambia mbele ya watu. "Hapa ni ofisi, si karakana ya mabango." Akawa kila asubuhi anapita kuyapunguza. Mama Prufu alimjibu, "Sawa, mwanangu," akamngoja atoke, akayakuza tena. Kwa kazi yake alikuwa amezoea kutazama kwa makini, kwa hiyo aliona pia ambacho wengine hawakukiona: mkuu mwenyewe alisoma barua kwa kunyoosha mkono, na kila mwaka mkono ule ulizidi kumwishia. Miwani hakuvaa. Miwani ilikuwa ya wazee.

Novemba 2004 kiwanda kilikuwa kinatengeneza kalenda za mwaka uliofuata, nakala elfu kumi. Mpanga kurasa alinakili Oktoba ili kutengeneza Novemba, akasahau kufuta siku ya mwisho. Katika prufu ya kwanza Mama Prufu alikizungushia wino mwekundu kisanduku hicho, akaandika: "30, si 31." Prufu ya pili ilipotoka, Jumanne tarehe 9 Novemba, hakuwepo. Mkuu alikuwa amemwambia asubuhi ile, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mashine, "Nenda kapimwe macho." Alikwenda, kwa kuwa ameagizwa, akakaa kwenye foleni ya kliniki hadi saa tisa. Aliporudi, mashine zilikuwa zinaunguruma.

Kalenda zilitoka na Novemba ya siku thelathini na moja. Wafanyakazi arobaini wa kiwanda waliitwa uani, na mkuu akatangaza kwamba kosa limepita mikononi mwa mtu ambaye macho yake yamechoka lakini hataki kukubali. Mama Prufu alisema siku hiyo hakuwepo. Aliambiwa kadi ya kliniki haitoshi, alete karatasi ya prufu yenye idhini ya kuchapa. Karatasi haikupatikana. Tangu siku hiyo tarehe 31 Novemba ikaitwa kiwandani "Sikukuu ya Mama Prufu," na hata watoto wake walitaniwa nayo. Yeye alihamishiwa stoo ya karatasi.

Mkuu angemfukuza tu, angelala salama. Stoo ndiko zilikotupwa karatasi chakavu za kufungia mizigo, na katika wiki ya tatu Mama Prufu alifungua bunda akaikuta prufu ya pili ya kalenda. Siku ya thelathini na moja ilikuwa palepale. Chini, kwa mwandiko wa mkuu, kulikuwa na tarehe 9 Novemba 2004, sahihi yake, na neno ambalo halikuwa haki yake kuliandika: "Ichapwe." Alikuwa ameusoma ukurasa bila miwani.

Babu alimsihi aipeleke kwa mkurugenzi asubuhi yake. Mama Prufu alikataa. "Nikiipeleka leo ataniomba radhi ofisini, mbele ya watu watatu," alisema. "Alinisema mbele ya watu arobaini. Nitangoja nipate watu arobaini." Akaibana karatasi ile pamoja na kadi ya kliniki yenye muhuri wa siku hiyo, akastaafu Machi 2005, akaenda zake nyumbani.

Huko sebuleni aliweka kompyuta yake, akasoma tasnifu za wanafunzi, akawafundisha watu wa makamo kutumia skrini bila kuumia: mshonaji, muuguzi mstaafu, dereva aliyeogopa kitufe. Mjukuu wake wa kwanza, aliyehitimu chuo mwaka huu, alijifunza kusoma kwenye skrini ile yenye maneno sita. Sheria ya darasa ilikuwa moja: anayecheka herufi kubwa za mwenzake, anatoka.

Juni 2019 aliyekuja kupiga hodi alikuwa mkuu wa zamani. Alikuwa amestaafu, na fomu za kustaafu zilikuwa zinajazwa kwenye kompyuta ambayo hakuweza kuisoma. Mama Prufu alimkaribisha kiti, akamtazama akinyoosha shingo, akamwambia taratibu, "Nenda kapimwe macho, mwanangu." Alikwenda. Alifundishwa Jumanne saba, na kwa bidii ambayo hakuna mwanafunzi mwingine aliyeipata. Mjukuu alikasirika, akauliza kwa nini adui anapewa dawa. "Namtengeneza," bibi alijibu. "Kuna kitu nataka akisome." Lakini alisema pia kwamba mtu huyo akiitaja Novemba kwa kinywa chake, hata mara moja, karatasi itachanwa. Jumanne ya saba mkuu huyo alisema tu kwamba mambo ya kazini ni ya zamani. "Ya zamani yana maandishi madogo," Mama Prufu alimjibu. "Tutayakuza."

Aprili 2022 aligunduliwa kuwa na maradhi ya moyo. Alilazwa mara tatu, na mara ya mwisho aliwaagiza wauguzi waigeuze skrini ya mashine yao, kwa sababu walikuwa wanasoma dirisha. Kitabu hiki cha mazishi alikipanga mwenyewe, kwa herufi hizi mnazoziona, akaacha nafasi ya tarehe moja. Alifariki Alhamisi tarehe 30 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili. Asubuhi hiyo alimuuliza mjukuu leo ni tarehe ngapi. Alipojibiwa, akasema, "Basi imeisha. Hakuna nyingine."

Jana jioni mkuu wa zamani alifika kutoa pole. Familia ilimpa nafasi ya kusema lolote alilo nalo. Alisema, "Alikuwa mfanyakazi hodari, ila macho ndiyo yaliyomwangusha." Kwa hiyo ukurasa wa mwisho haukuondolewa. Hapo mtaikuta prufu ya pili, na kando yake kadi ya kliniki, zote zimekuzwa. Na haya tunayaongeza kwa mdomo: waliohudhuria leo, Jumamosi tarehe 2 Desemba, wamehesabiwa langoni: ni mia moja na themanini na sita. Nakala ya mkuu wa zamani, aliyeketi mstari wa tatu, imepelekwa mkononi mwake. Miwani anayo, na mwanga unatoka ubavuni.

Marehemu ameacha mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu saba, kitukuu mmoja, dada wawili, mdogo wake wa mwisho, na wanafunzi wenye mvi ambao leo wanasoma ukurasa huu bila kukunja uso.

Sasa umesomwa. Apumzike.