Hilja Kontturi, Aliyeingia Kwenye Moshi wa Mwingine

Marehemu Hilja Kontturi alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 katika kijiji cha Lentiira, mtoto wa kwanza wa Mzee Arvi na Bi. Sanelma Heikura. Alisoma shule ya kijijini, akienda kwa ski, zile mbao ndefu za kutelezea, wakati wa theluji. Mwaka 1960 aliajiriwa kwenye kiwanda cha mbao mjini Kuhmo, upande wa kukaushia, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu.

Mwaka 1966 alifunga ndoa na Eino Kontturi, aliyemtangulia mwaka 2011. Walijaliwa mtoto mmoja, Kaisu, ndiye mimi ninayesoma hapa. Kwetu kuni zilikaa bandani viangazi viwili kabla ya kuguswa na moto, na msafisha dohani, yaani bomba la moshi, alipokuja alikuta kahawa na mikate ya iliki mezani.

Kwa mdogo wake mama, Lempi, mambo yalikuwa mengine, na leo sitayafunika. Taisto, mume wa Lempi, alikata mti asubuhi akauchoma jioni. Kuni zilitoka povu. Dohani iliganda lami nyeusi iliyonuka hadi kwenye mapazia, na msafishaji alifukuzwa mlangoni.

“Shemeji, unachoma maji,” mama alimwambia. “Dohani imeziba hiyo! Huoni hata kinyaa?”

“We Hilja, kwako ni kwako. Moto si unawaka?”

Tarehe 14 Januari 2019 lami ile ilishika moto. Dohani ikanguruma, ukuta ukapasuka, moshi ukajaa nyumba. Taisto alitoka mbio, koti lake kalikumbatia. Lempi, asiyeweza kutembea bila mkongojo, akaachwa ndani. Mama yangu, mtu wa miaka sabini na minne, alitoka kwake jirani, akaingia, akamburura mdogo wake kwa blanketi hadi kwenye theluji. Lempi alipona. Mapafu ya mama hayakupona.

Taisto alikuja hospitalini na maua. “Ajali haina kinga, shemeji.”

Mama akavua kinyago cha oksijeni. “Kaisu, mtoe huyu. Ananitia kichefuchefu.”

Alifariki alfajiri ya tarehe 2 Aprili, mkono wake ukiwa mkononi mwa Lempi.

Ameacha mtoto, Kaisu. Wajukuu, Ilpo na Vieno. Na mdogo wake, Lempi, ambaye sasa anaishi kwangu. Atakayeuliza mbona jina la shemeji yake halimo kwenye orodha hii, ajue lilikuwemo. Lempi alichukua kalamu akalifuta mwenyewe, akasema, “Chapeni hivyo hivyo.”

Mama, pumzika. Sasa pumua.