Mama Léoncie na Mshumaa Uliozimika Mara Tatu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Mama Léoncie Uwizeye, mtunzaji wa labo, yaani maabara, ya shule yetu ya Institi Kioo cha Ziwa hapa Goma, anaingia pensheni tarehe 2 Julai. Alikuja kushika nafasi ya mtu aliyekuwa mgonjwa, kwa wiki mbili tu. Mgonjwa akapona, akapata kazi Bukavu, na hakuna aliyekumbuka kumwambia Mama Léoncie kwamba wiki mbili zimekwisha.

Siku ile ya kwanza alikabidhiwa mikroskopi moja, chupa kumi na saba zisizo na etiketi, na mifupa ya binadamu ya plastiki iliyokosa mkono wa kushoto. Mikroskopi ndiyo aliyoipenda. Mwaka 2002, lava iliposhuka mjini na kila mtu akakimbia na godoro lake, yeye aliifunga mgongoni kwa kitenge akaelekea mpakani. Kwenye foleni watu walimpisha kwa huruma, wakidhani ana mtoto mchanga. Mmoja alipotaka kumwona mtoto, Mama Léoncie alimjibu kwamba amelala, tafadhali asimwamshe. Mikroskopi hiyo inafanya kazi hadi leo, na sisi walimu tunaiita Kitindamimba.

Wanafunzi wa zamani watamkumbuka zaidi kwa maonyesho ya siyansi ya kila mwezi wa Mei. Mwaka wa kwanza ilikuja miradi ishirini na miwili, na kumi na tisa kati yake ilikuwa volkano ya udongo inayotapika siki na bikabonati. Mama Léoncie alizunguka meza zote, akatoa alama, akarudi nyumbani akinuka siki hadi kwenye nywele. Jumatatu tulikuta karatasi kwenye mlango wa labo: VOLKANO HAPANA. TUKO NAYO MOJA, INATOSHA. Karatasi imebadilishwa mara nyingi tangu hapo, lakini maneno ni yaleyale.

Kuanzia siku hiyo, anayetaka mradi humwendea na swali kwanza, vifaa baadaye. Tena liwe swali ambalo mtu wa nyumbani kwao amejiuliza wiki ileile. Kwa nini makala ya kupikia ya gunia hili yanawaka kuliko ya gunia lile? Maji ya ziwa yakichujwa kwa mawe ya lava yaliyosagwa, yanabaki na nini? Kipande cha tairi na sandali kuukuu, kipi kinafaa kwa breki ya chukudu, hiyo baiskeli yetu ya mbao? Swali la chukudu lilijibiwa mbele ya wazazi, kwenye mteremko wa kiwanja, kwa mzigo wa magunia matatu ya viazi. Tairi ilifaulu. Sandali iliingia kantini bila kubisha hodi, na Mama Joviale, mpishi wetu, akapata viazi vya wiki nzima bila kwenda sokoni. Mwenye mradi alidhani amefukuzwa shule, kumbe alipewa alama za juu kuliko wote, kwa kuwa alikuwa ameandika kila kitu kwenye daftari, pamoja na idadi ya sahani zilizovunjika.

Sasa tuje kwenye mwaka huu, maana hapa ndipo roho zetu zilipopanda juu. Mwezi wa Februari prefe wetu, mkuu wa shule Papa Mirindi, alitangaza kwamba Mama Léoncie akiondoka, labo itahamia kwenye depo, kile chumba cha nyuma ya madarasa kinachoshuka ngazi nne ndani ya ardhi. Chumba cha labo chenye madirisha yanayotazama ziwa kingekuwa ofisi yake. Prefe ni mtu mwema, ila ofisi yake inavuja. Walimu tulirudi madarasani kana kwamba hatukusikia, na hilo lilituumbua. Mama Léoncie hakugombana na mtu. Aliacha tu kuimba akiosha chupa, na akaanza kukonda. Kazi yake ya maisha ilikuwa inashushwa ngazi nne, gizani, na yeye hatakuwepo kuitetea.

Mwezi huohuo Gisubizo, msichana wa mwaka wa tano, alileta swali lake. Kwao, kando ya njia ya Sake, mbuzi wawili walikuwa wamekufia shimoni kwa mazuku, ile hewa mbaya isiyo na rangi inayotoka ardhini na kutulia mahali pa chini. Akauliza: je, shuleni kwetu? Mazuku sisi wote tunayajua tangu utoto, lakini tuliyaacha mashambani pamoja na mbuzi. Hakuna aliyewaza kwamba yanaweza kusoma sekondari.

Mama Léoncie alimtafutia fimbo ya mita tatu, akafunga mshumaa kwenye ncha, akaweka sheria moja: mtu anabaki juu, fimbo ndiyo inayoshuka. Kwa wiki sita walipima kila shimo la kiwanja, na mshumaa ukawaka kote. Depo peke yake haikupimwa, kwa sababu ufunguo wake haukutoka mfukoni mwa prefe.

Siku ya maonyesho Papa Mirindi aliufungua mlango huo mwenyewe, kwa fahari, amwonyeshe inspekta labo mpya. Gisubizo aliomba dakika moja. Mshumaa ulipita ngazi ya kwanza, ukapita ya pili, kwenye ya tatu ukazimika. Ukawashwa, ukazimika palepale. Prefe akasema ni upepo, akauwasha kwa kiberiti chake. Ukazimika mara ya tatu, na moshi wake ukaelea juu ya kitu tusichokiona.

Prefe akaketi chini kwenye majani, na siri ikatoka. Kwa miaka mitatu, kila mchana, alikuwa akijifungia humo kulala juu ya madawati mabovu yaliyopangwa hadi usawa wa kifua. Alipapenda kwa ubaridi wake, na hamkuwa na hata panya mmoja. Kila siku aliamka na kichwa kizito na kulaumu maharagwe ya Mama Joviale, ambaye alishaandikiwa barua mbili za kujieleza. Mama Joviale alidai msamaha hapohapo mbele ya inspekta, akaupata. Mimi Byiringiro, mwalimu wa jiografia ninayeandika haya, sikucheka sana. Septemba nilikuwa nimependekeza mkutanoni madawati yale yapasuliwe kuni. Angelala sakafuni.

Mama Léoncie alilia waziwazi. Kisha akamshika prefe mkono, akamwambia apumue polepole, akamkumbusha Gisubizo kuandika saa na namba ya ngazi.

Mlango wa depo umezibwa kwa mawe na saruji. Labo inabaki ilipo, na ofisi ya prefe inaendelea kuvuja.

Mama Léoncie, asante kwa watoto wetu uliowafundisha kuuliza kabla ya kuingia. Nenda kwa binti yako Joyeuse ukale bila haraka, ulale mchana upendavyo, mahali pa juu. Tunakutakia afya, amani na maisha mema. Hotuba ya kukuaga itasomwa na Papa Mirindi. Tulimwomba asizidishe dakika tano, akakataa kabisa: anasema pumzi anayo, na anajua ni nani wa kumshukuru.