Simu kwa Wimbo wa Kumi na Moja

"Babu, mbona unampigia simu aliyeshindwa?"

Swali hilo aliulizwa marehemu na mjukuu wake wa tatu, aliyeandika wasifu huu, alipokuwa na miaka saba. Ilikuwa tarehe 30 Desemba 2016, sebuleni, kura za wahakiki wa muziki zimetapakaa mezani hadi kwenye sahani ya biskuti. Marehemu aliweka kidole mdomoni. Simu ilipopokelewa akasema, "Habari za mchana. Wimbo wako umekuwa wa kumi na moja. Umekosa kumi bora kwa kura nne." Kisha akasikiliza muda mrefu, akitikisa kichwa. Mjukuu alipouliza tena aliambiwa, "Kua kwanza," na biskuti ya mwisho ikaliwa.

Marehemu, ambaye chumba cha habari kizima kilimwita Nukta, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga. Waliishi vyumba viwili juu ya duka la redio. Dada yake mkubwa, ambaye tunaye hapa leo, anasema mdogo wake huyo alijifunza kutambaa kwa kufuata muziki uliopenya sakafuni.

Alianza shule mwaka 1955 na kumaliza sekondari mwaka 1966. Kwenye ripoti yake ya mwisho mwalimu aliandika maneno mawili tu: "Anauliza sana." Mama yake aliikata sehemu hiyo akaibandika ukutani, kwa fahari.

Tarehe 2 Januari 1968 aliajiriwa na gazeti la asubuhi kama msahihishaji, akapanda hadi uhariri. Mwaka 1979 alikabidhiwa ukurasa wa muziki, pamoja na kura ya kila mwisho wa mwaka: wahakiki ishirini na wanne, kila mmoja na nyimbo zake kumi, yeye akijumlisha. Mwaka huo wa kwanza aliharibu. Mitambo inasubiri, akaandika haraka haraka: "Nafasi ya kumi, ambayo mwimbaji aliyefuatwa kwa kura mbili na mpiga gitaa ambaye wahakiki wamemsifu anastahili, imechukuliwa." Imechukuliwa na nani? Hata yeye alipoisoma asubuhi hakujua.

Mpiga gitaa alijua: ni yeye! Akaazima viti mtaa mzima, mama yake akavaa nguo mpya. Kesho yake orodha kamili ikatoka, jina lake halimo. Marehemu alikwenda kwake kwa miguu kuomba radhi, akakalishwa kwenye kiti cha kuazima ambacho kilikuwa bado hakijarudishwa.

"Kosa ni langu," alisema.

"La sentensi nimekusamehe, bwana," mpiga gitaa akajibu. "Ila kumbe ni kura mbili tu? Mbona hakuna aliyeniambia? Mimi gitaa nilishaanza kulitafutia mnunuzi."

Tangu siku hiyo kila sentensi iliyomtia shaka aliisoma kwa sauti mbele ya mpokea simu wa gazeti. Msichana huyo akiuliza tu, "Nani kamfanya nani?", sentensi inakatwa vipande. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Juni 1980. "Aliponiambia anataka kunioa," Bibi husema, "ndiyo mara ya kwanza sikumuuliza nani." Walijaliwa watoto watatu, na nyumba yao haikuwahi kukosa redio wala mabishano kuhusu redio.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2023. Desemba iliyopita kura zilijumlishwa na mrithi wake, lakini marehemu aliomba atumiwe namba moja tu ya simu. Alipiga akiwa kitandani, sauti imebaki nyembamba, mjukuu akimshikia simu sikioni. Alilazwa mwezi Aprili, akafariki Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada yake mkubwa, na rafiki wa miaka arobaini na mitano, yule mpiga gitaa, ambaye ameketi safu ya pili na atatupigia baada ya maneno haya. Wasifu huu umesomwa mara mbili mbele ya Bibi. Aliuliza "Nani?" mara moja tu, na sentensi hiyo imeondolewa.

Nukta wetu apumzike kwa amani; kazi yake imesomeka.

Limebaki lile swali. Desemba iliyopita, simu ilipokatwa, mjukuu alilirudia, akaongeza kwamba sasa amekua, ana miaka kumi na mitano. Babu alicheka mpaka akakohoa, kisha akamjibu:

"Wale kumi watajisoma gazetini, mama. Huyu nisipompigia, atauza gitaa akidhani hakuna aliyemsikia. Na mimi nimemsikia."