Siku Thelathini za Gitaa la Patroba Wekesa

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Matete, na nyinyi mliotoka mjini Kakamega alfajiri mkatukuta bado tunapanga viti, familia inawashukuru na inawaomba mketi vizuri, maana maisha ya marehemu hayakuwa ya mbio na hatutayasoma kwa mbio.

Marehemu Patroba Wekesa alizaliwa tarehe 9 Novemba 1968, hapa hapa Matete, mahindi yakivunwa, akiwa kifungua mimba wa mzee Phineas na mama Jescah, ambao wote wawili wametangulia. Alianza shule ya msingi mwaka 1976, akamaliza darasa la saba mwaka 1982, na ukweli usemwe, alichapwa zaidi ya mara moja kwa kuchonga dawati la shule kwa wembe. Mwaka 1984 alijiunga na chuo cha ufundi cha kijiji kusomea useremala, na mwaka 1987 akafungua karakana yake karibu na soko la Kakamega, akawa anatengeneza milango, vitanda na ngazi, na kama umewahi kufunga mlango mjini ukaitika bila kuusukuma kwa bega, basi huenda ulikuwa wake.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na Nekoye, fundi cherehani, na Mungu akawajalia Clifford, aliyezaliwa mwaka 1996, na Michelle, aliyezaliwa mwaka 2001, ambaye ndiye mpiga gitaa wa kwaya yetu.

Sasa tumefika pale mnapopangoja. Jumapili moja ya Novemba 2009, mwenye gitaa ambalo kwaya ilikuwa ikiazima alihama nalo, na Patroba, ambaye hakuwahi kushika gitaa ila kulisogeza lisianguke, alisimama mbele ya kanisa zima akaahidi kuiundia kwaya gitaa la umeme kwa mikono yake mwenyewe. Kanisa lilicheka, hata mama Clifford alicheka, naye Patroba akaketi na hasira zake, na hasira hizo zikamtosha miaka kumi na mitano.

Aling'oa mlango wa mvule wa nyumba ya mzee Phineas, akaukata mwili wa gitaa katika pande moja lisilo na uwazi ndani, akatafuta sumaku za spika zilizokufa na waya wa shaba mwembamba kama unywele, ili apate kile kifaa cha kunasa sauti ya nyuzi. Nekoye ndiye aliyezungusha gurudumu la cherehani ili waya ujiviringishe, akihesabu raundi elfu sita kwa sauti, na ole wako upite umsalimie, maana hesabu ikipotea walikuwa wanaanza upya.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kosa la seremala, kwa sababu vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo ya gitaa alivipanga kwa nafasi sawasawa, kama ngazi, akavipima kwa rula akaridhika kabisa, na siku ya kujaribu kila wimbo ukatoka umepinda, loo, mbwa wa jirani wakaitikia. Jirani yake Kemunto, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyemkalisha na karatasi akamwonyesha kwamba nafasi hizo hupungua kadiri unavyoukaribia mwili, kila mara ukigawanya urefu wa uzi uliobaki kwa kumi na saba nukta nane. Patroba alichonga shingo nyingine, ile ya kwanza akaigeuza mwiko, na obusuma mtakayokula leo imesongwa nao.

Kosa la pili halikuwa lake. Mwaka 2019 gitaa lilikuwa limekamilika, vanishi ikiwa na siku tisa tu na ikihitaji thelathini ili ikauke kabisa, na ndugu yake mdogo Cornelius, ambaye ndiye huyu mnayemwona ameshika karatasi, alikuwa anamwoa Emily tarehe 14 Desemba, akamsumbua kaka yake usiku na mchana kwamba vanishi ni vanishi tu, liletwe lipigwe. Lilipigwa na kijana wetu Elvis, aliyevaa shati jipya la mirabamiraba, na wimbo wa pili ulipoisha gitaa likakataa kumwachia, likavutwa kwa nguvu, miraba yote ikabaki mgongoni mwa gitaa, na watu wakacheka hadi machozi. Patroba hakumlaumu mtu, na hilo lilimuuma Cornelius kuliko matusi, naye Patroba akashika msasa Jumatatu asubuhi akarudi hadi kwenye mti mtupu, akisema tu kwamba bandu bandu huisha gogo.

Tarehe 6 Novemba 2024, gitaa likiwa bado linasubiri vanishi nyuma ya milango na vitanda vya wateja, madaktari walimkuta na saratani ya ini. Hakuuliza amebakiwa na siku ngapi, aliuliza kama thelathini zinapatikana, na daktari, Mungu ambariki kwa ukweli wake, akasema hajui. Alifanya kazi akiwa ameketi, asubuhi tu, kabla unyevu wa mvua haujaifanya vanishi kuwa nyeupe, na Ijumaa tarehe 21 Februari 2025 akapiga mkono wa saba na wa mwisho wa vanishi, akaandika ukutani kwa penseli: 23 Machi, si kabla. Alituacha Jumanne tarehe 4 Machi, siku ya kumi na moja.

Mnaliona pale, linang'aa, halina nyuzi. Wapo waliotuomba, kwa upendo, tulifunge nyuzi leo lilie mara moja tu, lakini jana Nekoye alisimama mbele ya familia akasema mume wake amechekwa mara mbili kwa ajili ya gitaa hili, na hatachekwa mara ya tatu akiwa amelala. Nyuzi zote sita ziko mfukoni mwa Cornelius, aliyeomba mwenyewe kuzitunza, na Michelle atalipiga gitaa kanisani Jumapili ya wiki ijayo, tarehe 23, nyote mje.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea kuni na maji, Mwalimu Kemunto, mafundi wenzake waliochonga jeneza hili bila kuombwa, na kwaya iliyongoja miaka kumi na mitano.

Pumzika kwa amani, Patroba, zimebaki siku nane, na safari hii Cornelius atangoja.