Gusa Injini Kwanza

Ndani ya basi la asubuhi, fundi cherehani alitega sikio. Kwenye kiti cha mbele yake, muoka mikate na dereva mstaafu wa malori walikuwa ndiyo kwanza wamejuana.

"Nakwenda kununua pikapu ya kusambazia mikate," mwanamke alisema. "Kuukuu, lakini inang'aa kama kioo."

"Rangi ni poda tu, mwanangu. Gusa injini kabla haijawashwa. Ukiikuta ya moto, muuzaji ameshaiwasha ili usisikie inavyokohoa ikiwa baridi. Kisha lala chini, uigonge chesi, mifupa ya gari. Kutu ikidondoka, aga uende zako."

"Nilale chini na gauni hili?"

"Gauni linafulika. Chesi iliyooza haifuliki."

Fundi cherehani, aliyekuwa akilihusudu gauni lile tangu kituoni, hakuafiki hata kidogo.

"Mzee, mkate ukiiva naujua kwa kuugonga mgongo. Pikapu haitanishinda."

"Mkate mbichi haukutupi mtaroni."

Basi likasimama. Ng'ambo ya barabara pikapu ilimeremeta, muuzaji ameiegemea. "Basi teremka, tukagonge wote," mwanamke akasema. Mzee akajibu kwamba kituo chake kiko mbele, huku tayari amevaa kofia na kuinuka.

Fundi akatoa kichwa dirishani, lakini basi likaondoka kabla hajaona ni nani aliyelala chini.