Bi. Pudensiana na Nakala Iliyoingiwa na Nyuki

Tarehe 30 Juni 1999 Bi. Pudensiana Kalyalya anafunga rasmi miaka ishirini na mitatu ya ukarani katika Chama chetu cha Wafuga Nyuki hapa Inyonga. Alipoanza, ofisi ilikuwa na meza moja na kiti kibovu. Kiti bado kipo.

Kazi yake kubwa ilikuwa daftari la alama. Kila mfuga nyuki huchonga alama yake kwenye mzinga: huyu mikato mitatu, yule msalaba. Ukiukuta mzinga porini, mwendo wa siku mbili, hiyo alama ndiyo itakayokuambia mwenyewe nani. Bi. Pudensiana aliandika jina, alama na mahali mzinga ulipo, na chini ya kila karatasi akaweka kaboni. Tulimcheka, jamani! Tulisema mama huyu kaboni anaila kama ugali. Yeye alitujibu kwamba daftari na nakala yake havilali nyumba moja, na kwamba nakala isiyofunguliwa mwaka mzima si ya kuitegemea.

Kwa kuogopa mchwa, nakala aliitia kwenye mzinga mtupu wa gome, akauning'iniza darini kwa Mzee Apollinarie, ng'ambo ya mji. Tundu aliliziba kwa gunzi. Kila Julai aliushusha, akasoma kurasa zote, akaziba upya.

Julai 1997 alikuwa Mpanda akimuuguza dada yake. Ukaguzi akamwachia mtunza ghala, Maduhu, yaani mimi ninayeandika haya. Nikaona uvivu kupanda ngazi. Katika daftari la ukaguzi, lililokaa nyumbani kwa Bi. Pudensiana, niliandika "imekaguliwa", nikatia sahihi, nikaenda zangu kutazama mpira.

Januari 1998 mvua zile kubwa ziliangusha ukuta wa ofisi. Daftari likawa uji. Siku tatu baadaye, Alhamisi saa sita mchana, kamati ya mipaka ya msitu ilikuwa inakaa, na asiye na maandishi ya mizinga yake asingeruhusiwa tena kuingia msituni. Familia mia tatu na kumi na mbili! Watu walinitania kwamba sasa kaboni ya mama itatuokoa. Mimi sikucheka, maana nilijua mzinga ule sikuufungua.

Mvua ilikatika asubuhi ya Alhamisi, ndipo tukaweza kufika kwa Mzee Apollinarie. Loo! Mzinga ulikuwa unavuma. Gunzi lilishaanguka zamani na nyuki wamejaa tele. Asali huwa tunairina usiku, mchana nyuki hawana mzaha, na saa zilikuwa zinakwenda. Ukizidisha moto, cheche moja tu inateketeza karatasi. Ukipunguza moshi, hushuki mzima. Warinaji wakongwe walitazamana, na Mzee Apollinarie akashauri tungoje jua lizame. Bi. Pudensiana alikataa. Akavaa koti la mvua, akajifunga kanga usoni, akaagiza mavi makavu ya ng'ombe, maana hufuka bila kuwaka. Hata hapo alipata nafasi ya kunitania, mimi Msukuma, kwamba leo ng'ombe wa Wasukuma watafanya kazi kuliko Msukuma mwenyewe. Kisha akapanda. Mimi nilishika ngazi, namuomba Mungu.

Aliumwa mara kumi na tisa. Alishuka na bunda linalonata asali, jicho moja limefumba kabisa. Saa sita kasoro dakika kumi tulikuwa mbele ya kamati, tunabandua kurasa kwa kisu. Majina mia tatu na tisa yalisomeka, na yale matatu majirani waliyaapia. Wote walirudi msituni.

Kwenye mkutano mkuu wanachama waliuliza kwa ukali nani aliacha nyuki waingie. Daftari la ukaguzi lenye sahihi yangu lilikuwa mapajani mwake. Alisimama akasema ukaguzi ni kazi ya karani, na karani ni yeye. Wakamnyima ukatibu msaidizi aliokuwa anaugombea mwaka ule. Mimi nilinyamaza, na nimenyamaza mpaka leo.

Wanachama wenzangu, sasa mmejua. Mama Pudensiana, asante, na unisamehe. Nenda ukapumzike salama, Mungu akupe umri mrefu na afya njema. Julai hii ngazi napanda mimi, mbele ya watu wote.