Bertila Lugembe: Mstari Ulionyooka Mno

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Bertila Lugembe anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Mwenyewe anasema amechoka. Tuliofanya naye kazi hatuna sababu ya kumbishia.

Mzaliwa wa Bukene, aliingia ghala letu la chanjo hapa Kitete, Tabora, kama mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, aliagizwa aifunike kitambaa isishike vumbi. Akaifungua. Barua ya kumpandisha cheo kuwa fundi haijafika hadi leo, lakini fundi mwingine hatujawahi kuita.

Atakumbukwa zaidi kwa Oktoba iliyopita. Kompyuta inayosoma joto la majokofu ina prosesa nne, yaani bongo nne zinazogawana kazi. Umeme ukikatika, mfumo huzima mbili ili kubana betri, kazi ikiendelea. Kiendeshi, ile programu iliyo ndani kabisa ya mfumo inayosoma vipimajoto, kilitegemea prosesa ya tatu. Ikazimwa bila kukiarifu. Vipimo vikakoma, ila skrini ikashikilia nyuzi nne kwa saa sita mfululizo. Sote tulifurahi. Bertila akautazama mstari wa joto kwenye skrini: "Oktoba ya Tabora inanyooka hivi tangu lini, jamani?" Akachukua kipimajoto cha mkono. Nyuzi kumi na moja, na chanjo hazitakiwi kuzidi nane.

Chanjo za watoto wa vijijini Nzega zilikuwa zimeshapakiwa garini. Yoramu, mkuu wa zamu, akasihi: "Mama, kompyuta imesema nne." Akajibiwa, "Basi ikachanje yenyewe." Maboksi yakashushwa.

Kukiandika upya kiendeshi kulimchukua wiki tano. Sasa hakuna prosesa inayozimwa kabla kiendeshi hakijaarifiwa na kuhamishia kazi kwenye iliyobaki. Ikirudi, kinajipanga upya. Hatua moja ya uhamishaji huo ikigoma, zilizotangulia zinafumuliwa kuanzia ya mwisho. Ili kukijaribu, alizima na kuwasha prosesa mara elfu mbili. Mara ya 1,311 mashine iliganda. Akanywa uji, akarekebisha, akaanza tena moja.

Jumanne iliyopita umeme ulikatika tukiwa kwenye chai. Prosesa mbili zikazimwa; mstari ukaendelea kupanda na kushuka, kama joto lenyewe. Sote tukamgeukia Bertila. Hakuinuka. Aliomba andazi.

Asante, Mama, kwa maboksi yaliyoshushwa. Tunakutakia afya, usingizi, na chai inayonyweka hadi mwisho.